Transista Zilizokufa Alfajiri

Mdogo wangu hakuiamini transista yoyote mpaka ameua mwenzake. Watu wa karakana walikuambia hilo kabla hawajakuambia mengine yote juu yake, na walikuambia wakicheka, kwa sababu muuza vipuri wa mtaa wa maduka ya redio alimwogopa kuliko alivyomwogopa mkaguzi wa mizani.

"Dada Fyuzi, leo ninazo zile zenyewe. Orijino! Bado zinanukia kiwanda."

"Harufu haizuii volti, ndugu yangu. Nipe moja niiue."

"Ukiivunja umenunua."

"Na nikiivunja nikakuta mtoto mchanga ndani ya koti la baba yake?"

Muuza vipuri alinitazama mimi niliyesimama mlangoni na ufunguo wa gari, akitafuta huruma. Hakuipata. Mdogo wangu alitoa koleo mfukoni, akaibana ile transista nyeusi yenye miguu mitatu mpaka ganda likapasuka, akapuliza vumbi, akaiinua kwenye mwanga. Ndani ya ganda kuna kipande chembamba kinachong'aa, na hicho ndicho kinachofanya kazi yote. Zile alizozihitaji yeye, zikiwa za kweli, huwa na kipande kipana karibu kama ukucha wa kidole kidogo. Hii ilikuwa na punje.

"Haya, njoo umwone mtu mzima wako."

Muuza vipuri alijikuna kichwa. "Labda huyu ni njiti, dada. Wenzake walitimiza miezi."

Fyuzi alicheka mpaka akashika kaunta, lakini hakununua. Ndivyo alivyokuwa. Angekaa kwako, akala chakula chako, akakubebea mtoto mgongoni, na bado uongo wako asingeununua.

Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka jana, kwa maradhi ya figo, nywele zake zikiwa bado nyeusi zote. Sina ugomvi na Mungu. Yeye ndiye aliyetupa, naye anajua kwa nini alimtaka mapema. Lakini msibani nilimsikia mtu akisema, "Marehemu alikuwa fundi redio," nikanyamaza, kwa kuwa msibani si mahali pa kubishana. Sasa matanga yamekwisha zamani, viti vya watu vimerudishwa, na mimi kaka yake naweza kusema alikuwa nani.

Jina la Fyuzi alipewa na mama, enzi za shule, kwa sababu kila alipogusa swichi nyumba ilizimika. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikachukua leseni ya udereva. Yeye aliendelea, akasoma umeme chuoni, akaajiriwa kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya pampu za maji. Kwa kawaida kaka ndiye anayemshika mdogo mkono akamwingiza kazini. Kwetu ilikuwa kinyume. Walipohitaji dereva wa kupeleka mizigo, alimwambia mwenye karakana, "Ninaye kaka. Haendi mbio, na anasali kabla ya kuwasha gari." Nikapata kazi. Sijaona aibu hata siku moja kusema kwamba mdogo wangu ndiye aliyenipa mkate.

Karakana ilikuwa na vyumba vitatu nyuma ya duka la matairi. Cha mbele kilikuwa na meza za kuchorea, cha kati cha kuunga vifaa, na cha nyuma, chenye mlango wa chuma, cha majaribio. Mwenye karakana tulimwita Injinia, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba asiipoteze, na bado aliipoteza. Alichotengeneza kilikuwa sanduku la chuma. Paneli za sola zinaingiza umeme upande mmoja wa sanduku, pampu ya kisima inaunganishwa upande wa pili. Katikati kuna transista sita zinazofunga na kufungua umeme huo mara maelfu kwa sekunde, mpaka unakuwa umeme ambao mota ya pampu inaweza kuula. Transista zikifa, sanduku ni bati tu na kisima ni shimo tu. Kwa hiyo kuzichagua haikuwa kazi ya kufanywa na mtu aliyechoka.

Kazi hiyo ilikuwa ya Fyuzi.

Wakati anachora sanduku jipya, alizileta karatasi za viwanda nyumbani akazitandaza kwenye meza ya chakula. Mama alisogeza sahani zake pembeni, maana alishazoea. Mimi niliona ukurasa wa kwanza una sifa nzuri sana, nikamwambia, "Si uchukue hii? Wameisifu."

"Kaka, ukurasa wa kwanza ni picha ya harusi. Kila mtu anacheka. Ndoa yenyewe iko huku ndani, kwenye michoro."

"Na unatafuta nini kwenye ndoa?"

Alifikiri kidogo, kisha akaonyesha mlango wa jikoni. "Mlango ukiwa wazi, watu wanapita, hakuna hasara. Ukiwa umefungwa, hakuna anayepita, hakuna hasara. Hasara iko pale katikati, unapofungwa taratibu. Umeme unapita kwa kubanwa, na transista inapata joto. Kwa hiyo nataka inayofunga haraka. Halafu nataka yenye kifua. Paneli zinasukuma karibu volti mia tano, na transista ikishafunga, huo msukumo wote unamwegemea yeye."

"Kama mlango unaouacha nusu wazi kila jioni, mbu wote wa mtaa wanaingia," mama akasema.

"Hapo hapo, mama! Umeshahitimu."

Zilibaki za aina mbili. Moja aliiita Mnene. Ilivumilia volti elfu moja na mia mbili, lakini ilifunga taratibu na ilipata joto, kwa hiyo ilihitaji bati kubwa la kuipoza pamoja na feni, na feni huko vijijini ni kaburi la vumbi. Ya pili aliiita Mwembamba. Kifua chake kilikuwa volti mia sita na hamsini tu, lakini ilifunga kwa kasi ya kope, haikupata joto, na sanduku lingekuwa dogo, lisilo na feni, lililozibwa pande zote.

Alizijaribu kwa namna ya karakana yetu. Chumba cha nyuma kulikuwa na kabati la moto, kabati la mbao lenye taa kubwa ndani, na kila kitu tulichouza kililala humo kwanza. Sisi ni watu wa joto. Kwetu chuma cha gari mchana hakishikiki, na kila kifaa ninachokumbuka kuharibika kiliharibiwa na joto. Mnene alitoka kwenye kabati akinuka. Mwembamba alitoka kama aliyeoga. Fyuzi akamchagua Mwembamba, akaweka sahihi yake kwenye mchoro, Injinia akampigia makofi, na mimi nikayapakia masanduku yale madogo mazuri nikayapeleka nyanda za chini kote. Yakafanya kazi. Niliporudi kwenye vijiji vile nilikuta maji yamejaa na watu wanaoga.

Kisha tukapeleka moja zahanati ya mlimani.

Lilifanya kazi kwa muda, likafa. Tukapeleka la pili. Likafa. La tatu nalo likafa, na kila mara asubuhi, na kila mara mkononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mlinzi wa kisima, watu wa huko walimwita Bwana Maji. Kazi yake ilikuwa kuzungusha swichi jua linapofika kwenye paneli. Alizungusha, sanduku likasema *paa*, moshi ukatoka. Kamati ya zahanati ikakaa ikaamua kwamba mtu huyu ama analichezea sanduku ama mkono wake una mkosi, na kwa vyovyote vile aondoke. Muuguzi mkuu alimpigia Injinia simu aombe sanduku la nne, pamoja na mtu wa kumfundisha mlinzi mpya.

Injinia aliniita nipakie. Fyuzi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nakwenda mwenyewe," akasema.

"Kwa ajili ya kufundisha mtu kuzungusha swichi?"

"Injinia, mtu hawezi kuua transista zangu kwa kuzungusha swichi. Nilizichagua zivumilie hata mtu mjinga. Nataka nimwone huyo anayeweza."

Asubuhi ya safari niliinamisha kichwa kwenye usukani kama kawaida yangu.

"Omba na breki, Kaka."

"Breki nimezikagua. Naombea yale nisiyoweza kuyakagua."

Hakuwa mtu wa sala nyingi kama mimi. Lakini nilipomaliza alisema "Amina" kwa sauti, na hilo nalihesabu.

Barabara ilipanda mpaka masikio yakaziba. Tulifika mchana, na hata mchana ule upepo ulikuwa na meno. Bwana Maji alikuja kutupokea amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Karibuni. Mmemleta marehemu wa nne?"

"Bado anapumua," Fyuzi akajibu. "Wewe ndiye muuaji?"

"Ndivyo wanavyosema. Mimi nazungusha tu, dada yangu. Nazungusha kama mtu anayefungua redio. Basi likilipuka, wanatazama mkono wangu kama wamemwona nyoka." Alicheka, kisha kicheko kikamwisha. "Unaona nyumba ile yenye mlango wa kijani? Ni ya zahanati. Mke wangu na watoto wamo. Kazi ikienda na paa linakwenda. Kesho kutwa kamati inakaa, wanataka funguo."

Muuguzi mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitupa chai, akatueleza waziwazi. "Mimi sina kisa naye. Lakini maji ya wodi ya wazazi yanabebwa kwa ndoo kutoka bondeni, na sanduku limekufa mara tatu mkononi mwake. Ningefanyaje?"

Fyuzi alifunga sanduku la nne akaliwasha yeye mwenyewe, jua likiwa kali. Likanguruma vizuri, maji yakapanda. Wauguzi walipiga vigelegele. Na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Si unaona? Mkono mwingine, mambo mengine." Bwana Maji naye alisikia. Akaenda kukaa kwenye jiwe, mgongo kwetu.

Fyuzi alilizima sanduku. "Hapana," akasema. "Mchana si shahidi. Kila moja limekufa asubuhi. Asubuhi nitakuwepo."

Kesho yake tulitoka kabla ya jua. Nyasi zilikuwa nyeupe. Mimi sikuwa nimewahi kuona umande ulioganda; nilidhani mtu amemwaga chumvi. Fyuzi alikuwa amevaa koti langu, mikono imezama ndani. Hakuwasha sanduku. Alizichomoa nyaya zinazotoka kwenye paneli, akaziwekea mita, akanipa nishike.

"Soma kadiri jua linavyopanda."

Jua lilichungulia nyuma ya mlima likazigusa paneli, na zile namba zikaanza kukimbia. Mia tatu. Mia nne na themanini. Mia tano na arobaini. Nilidhani zitasimama.

"Mia tano na sabini na tatu," nikasema.

"Soma tena, Kaka."

"Mia tano na sabini na tano sasa."

Aliketi kwenye saruji ya kisima, palepale kwenye baridi. Bwana Maji aliniuliza kwa macho kama dada anaumwa. Kisha akaanza kusema, na alisema nami kama anayemfundisha mtu, lakini najua alikuwa anajihukumu.

"Paneli zinapenda baridi. Zikipoa, zinasukuma zaidi. Chuoni nilifundishwa, nikafaulu mtihani, nikasahau, kwa sababu kwetu baridi iko wapi? Hiyo moja. Ya pili, yule Mwembamba. Kifua chake kinategemea joto. Akiwa na moto anavumilia zaidi ya mia sita na hamsini. Akipoa, anavumilia pungufu. Mchoro wake upo, nimeutazama mara ngapi! Lakini jicho langu linakimbilia upande wa kulia, kwenye joto. Upande wa kushoto, kwenye baridi, sikuwahi kuukanyaga."

"Bado mia tano na sabini na tano ni pungufu," nikasema. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza.

"Ndiyo. Sasa ya tatu. Mlango unaofungwa kwa kasi hubamiza ukuta. Transista ikikata umeme ghafla, umeme unaruka, volti sabini, themanini, juu ya zile zilizopo. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Yote matatu yanakutana mara moja tu kwa siku." Akamgeukia Bwana Maji. "Wakati unapozungusha swichi."

Bwana Maji alimtazama. "Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako. Ni chaguo langu."

Alimpigia Injinia simu akiwa bado ameketi. Alimweleza yote. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya mzee ikipanda.

"Binti, sikiliza. Rudi, tukae, tulichambue. Masanduku mangapi yako nyanda za juu? Ukitamka neno kosa huko leo, kesho kila mteja analijua. Usiseme lolote mpaka tukae."

"Injinia, tukikaa kwanza, mtu anahama nyumba kesho."

Nilimsikia akipumua, nikawaza miwani yake imepotea tena mahali.

"Basi sema," akasema hatimaye. "Lakini usiseme 'mimi' peke yako. Mchoro una sahihi yako, sanduku lina jina langu. Sema 'sisi'."

Nimewahi kufanya kazi kwa watu wengi. Huyo ndiye niliyempenda, na ilikuwa kwa sababu ya sentensi ile.

Fyuzi alikwenda kwa muuguzi mkuu na kwa mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu mwenye fimbo, akawaambia. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe uliyesoma ndiye uliyekosea."

"Ndiyo, mzee."

"Na unalisema hivi hivi, huoni aibu?"

"Aibu ninayo. Ndiyo maana nalisema."

Mwenyekiti aligonga fimbo chini. "Maneno mazuri. Lakini na mwizi akipata wakili mzuri anasemewa maneno mazuri. Nitajuaje hujamhurumia tu huyu mwenye watoto?"

"Njooni kesho alfajiri. Sanduku la nne ni zima, jana mmeliona likifanya kazi. Bwana Maji atakaa mbali, huko kwenye mlango wa kijani. Nitaliwasha kwa mkono wangu. Likifa, mtajua."

"Na lisipokufa?"

Aliyejibu ni Bwana Maji, akiwa mlangoni. "Lisipokufa, dada, utakuwa umenizika kwa koleo la dhahabu."

Jioni ile mawingu yalikuja. Mtu wa pale alituambia mawingu yakifunika mlima, umande haugandi, asubuhi inakuwa ya uvuguvugu. Fyuzi aliwaza hesabu yake ya volti, akasema bila barafu itakuwa bahati nasibu. Basi mimi nikapiga magoti kando ya kitanda cha wageni. Nimeomba mengi maishani: mvua, afya, matairi yasipasuke. Sikuwahi kuomba baridi. Nilimwambia Mwenyezi Mungu, mwenye joto na mwenye barafu, kwamba kuna mtu asiye na hatia na paa lake, na kuna mdogo wangu aliyeweka heshima yake yote mezani, na kama kuna baridi iliyobaki ghalani aitume.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kuliko jana. Kila mtu alikuja. Mwenyekiti alikuja amejifunika blanketi, muuguzi mkuu na wenzake wakaja wakiruka-ruka kwa baridi, na mbali kule, mbele ya mlango wa kijani, Bwana Maji alisimama na mke wake. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, ili kamati iione haiko karibu na kitu chochote.

Mimi katika maisha yangu sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitamani kifaa kizima kiharibike. Na aliyetamani zaidi alikuwa yule aliyekitengeneza.

Jua likagusa paneli. Fyuzi alitazama mita, akasubiri, akazungusha swichi.

Likanguruma.

Pumzi moja. Mbili. Nilimwona mwenyekiti akianza kugeuza kichwa kutazama mlango wa kijani.

*Paa!*

Moshi mweupe ukatoka kwenye mfuniko, harufu ile kali ikatuingia puani, na kutoka kule mbali tukasikia sauti ikipiga kelele, "Mmeona? Mmeona? Mimi niko huku!" Mke wake alikuwa amemkumbatia, na yeye mikono bado iko juu, hajui aishushe vipi. Muuguzi mkuu alianza kucheka, kisha akafuta macho. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa kijani, fimbo yake ikichoma barafu, akasimama mbele ya Bwana Maji akamwomba radhi. Sikusikia maneno. Niliona amevua kofia.

Fyuzi alikuwa amebaki na sanduku lake lililokufa, mkono juu ya mfuniko. Nilimwendea.

"Hongera," nikamwambia, "umeua vizuri."

"Kaka, nyamaza," akasema, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Tuliporudi, kazi ilianza upya. Injinia aliandika orodha ya wateja wote wa sehemu za baridi, nikayafuata masanduku yale nikayarudisha kabla hayajafa. Wateja wengine walifoka. Wengine walishangaa, wakasema hii ni mara ya kwanza muuzaji anafuata ubovu ambao mteja hajauona. Fyuzi alitandaza tena karatasi kwenye meza ya mama. Safari hii alianza kila mchoro kwa upande wa kushoto. Alitafuta aina mpya, yenye kasi ya Mwembamba na kifua cha Mnene, ya malighafi mpya ambayo sijui kuielezea, na kwa kuwa ilikuwa ngumu kupatikana, maduka yalijaa za bandia. Muuza vipuri aliona koleo likitoka mfukoni mara nyingi sana siku zile.

"Dada Fyuzi, utanimalizia ukoo!"

"Leta ukoo wenye mifupa."

Mwisho zilipatikana za kweli. Hata hizo hakuzisifu. Kabla hajazipa ile kazi ya mlango alipunguza urefu wa njia zote za umeme kwenye bodi, ili mlango ukibamizwa ukuta usitetemeke sana. Kisha akazijaribu kwenye kabati la moto, na baada ya hapo akazileta nyumbani akaziingiza kwenye friji, kwenye ile sehemu ya juu inayogandisha, zikiwa zimefungwa nyaya zinazotoka mlangoni mpaka kwenye mita yake. Mama alifungua akitafuta nyama.

"Fyuzi! Leo tunakula volti?"

"Usiziguse, mama, zinasikia baridi."

"Hata mimi nasikia njaa!"

Lakini alifunga friji taratibu, na alikwenda kwa jirani kuazima nafasi ya kuweka nyama yake. Mama huyo huyo msibani hakuweza kusimama. Alipoweza kuzungumza, aliwaeleza wanawake waliokuja kumpa pole habari za transista kwenye friji, na wote walicheka kwa machozi. Nadhani Mungu aliiweka hadithi ile pale kwa ajili ya siku ile.

Tulipanda mlimani tena na sanduku la tano. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko yale ya kwanza. Halikuwa zuri vile, na Fyuzi hakujali. Alilifunga jioni, hakuliwasha. Alfajiri, kwenye nyasi nyeupe, watu walikusanyika tena, ingawa safari hii hakuna aliyeitwa. Alimwita Bwana Maji.

"Njoo uwashe."

Bwana Maji alificha mikono kwenye makoti yake mawili. "Washa wewe, dada. Mimi nitasimama kule."

"Sikupanda mlima huu kuja kuona mkono wangu. Mkono wako ndio utakaowasha kila siku. Nataka wote wauone."

"Likifa?"

"Likifa ni langu, kama yale manne. Njoo."

Alikuja. Alijifuta kiganja kwenye koti la juu, kisha kwenye koti la ndani, kana kwamba tatizo lingekuwa jasho. Akazungusha swichi akiwa amefumba macho. Sanduku likaanza kunguruma, chini kwa chini, likapanda. Tulisubiri. Namba za mita zilikuwa zile zile za kutisha, mia tano na sabini na kitu, na sanduku likaendelea kunguruma kama paka aliyeshiba. Fyuzi hakupumua, nilikuwa namwangalia. Maji yakaanza kusikika ndani ya bomba la chuma, yakipanda kuelekea tangi.

Bwana Maji alifumbua jicho moja, akafumbua la pili.

Kutoka wodi ya wazazi muuguzi mmoja kijana akapiga kelele kwamba bomba limetoka maji, yanatoka kwa nguvu, njooni muone! Wote wakakimbilia huko. Muuguzi mkuu akafungua la pili, mwingine akafungua la uani, maji yakamwagika kwenye sakafu na kwenye viatu, watu wakicheka na kunawa nyuso kwa maji yaliyo baridi kama visu.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Bwana Maji alitoka kisimani mbio, makoti yakipepea, mkono ule ule wa mkosi ameunyoosha mbele.

"Fungeni mabomba! Nani kawaambia mfungue yote? Mnamwaga maji ya watu! Hapa kuna mlinzi au hakuna?"

Muuguzi mkuu wa zahanati, na mwenyekiti nyuma yake, wakafunga mabomba haraka kama watoto waliokamatwa. Mdogo wangu aliegemea ubavu wa gari akacheka mpaka akateleza akakaa chini kwenye barafu. Mimi nilivua kofia nikamshukuru Mungu.